Maswali na Majibu: Kuchagua Pedi za Breki za Gari la Spoti

Mtahini wa ufundi magari haulizi pedi ipi ni nzuri. Anauliza pedi ipi inafaa kwa kazi gani na katika joto gani. Katika maswali kadhaa hapa chini, istilahi ya kushika ni joto la kazi. Ikikosekana kwenye majibu hayo, alama hupotea hata kama maelezo mengine ni sahihi. Baadhi ya mifano inahusu Subaru Impreza, gari linalofahamika vizuri katika gereji za Afrika Mashariki.

1. Fafanua istilahi zifuatazo: (a) pedi ya breki (b) kizigeu cha msuguano (c) joto la kazi (d) kufifia kwa breki. (Alama 8)

(a) Pedi ya breki ni bamba la chuma lililogandishwa kitu cha msuguano, ambalo hubanwa na pistoni ya kalipa dhidi ya diski ili kupunguza mwendo wa gurudumu.

(b) Kizigeu cha msuguano (µ) ni uwiano kati ya kani ya msuguano na kani inayobana pedi kwenye diski. Hakina kizio. Kizigeu kikiwa 0.40, kila newtoni 100 za kubana huzaa newtoni 40 za msuguano.

(c) Joto la kazi ni nafasi kati ya nyuzi za chini na nyuzi za juu ambamo pedi hushikilia kizigeu chake cha msuguano. Joto la kazi lina mipaka miwili. Anayetaja mpaka wa juu peke yake hupata nusu ya alama.

(d) Kufifia kwa breki ni kupungua kwa nguvu ya kusimamisha gari kwa sababu joto limevuka mpaka wa juu wa joto la kazi. Usiandike "breki kufeli". Breki zilizofifia hurudi zikipoa.

2. Gari la spoti lenye uzito wa kilo 1,400 linasimamishwa kutoka mwendo wa (i) kilomita 100 kwa saa (ii) kilomita 200 kwa saa. Kokotoa nishati mwendo katika kila hali na utoe maoni. (Alama 6)

Kanuni: nishati mwendo = ½mv². Badili mwendo kuwa mita kwa sekunde kabla ya hatua nyingine yoyote.

(i) 100 ÷ 3.6 = 27.8. Kwa hiyo ½ × 1,400 × 27.8² = jouli 541,000 kwa makadirio, yaani kilojouli 541.

(ii) 200 ÷ 3.6 = 55.6. Kwa hiyo ½ × 1,400 × 55.6² = kilojouli 2,164 kwa makadirio.

Maoni: mwendo umeongezeka mara mbili, nishati imeongezeka mara nne. Sehemu kubwa ya nishati hiyo hugeuka joto katika pedi na diski. Ndiyo sababu gari la spoti huhitaji pedi yenye mpaka wa juu wa joto la kazi ulio mkubwa kuliko wa gari la kawaida lenye uzito uleule. Maoni yana alama 2, na wengi huziacha mezani baada ya kumaliza hesabu.

3. Gari lilelile linashuka mteremko mrefu, kwa mfano Kitonga mkoani Iringa, kwa mwendo usiobadilika. Eleza kwa hesabu kwa nini mteremko unaweza kuchosha pedi kuliko kusimama ghafla mara moja. (Alama 5)

Chukua kushuka kwa kimo cha mita 300. Nishati inayopaswa kuondolewa = mgh = 1,400 × 9.8 × 300 = kilojouli 4,116. Gawanya kwa 541: ni sawa na kusimama kutoka kilomita 100 kwa saa zaidi ya mara 7, tena bila nafasi ya kupoa katikati.

Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na hewa na injini. Dereva akishuka kwa gia ndogo, injini huchukua sehemu kubwa zaidi na pedi hubaki ndani ya joto la kazi. Akishuka kwa gia kubwa huku mguu ukikaa kwenye breki, hata pedi ya bei ghali hufifia. Kutaja gia ni lazima. Ni alama 1 kamili.

4. Tofautisha aina nne za pedi kwa kuzingatia kitu cha msuguano. (Alama 8)

Pedi za organiki hutengenezwa kwa nyuzi na vijazio vilivyoshikanishwa kwa resini, zikiwa na chuma kidogo au bila chuma. Ni kimya, haziumizi diski na hung'ata zikiwa baridi. Udhaifu wake ni mpaka wa juu wa joto la kazi ulio mdogo.

Pedi za nusu-chuma huwa na metali kwa kiasi cha takriban asilimia 30 hadi 65 ya uzito wake. Huvumilia joto zaidi, lakini hupiga kelele, hutoa vumbi jeusi na hula diski. Metali hupitisha joto vizuri, na hapa ndipo alama ya ziada ilipo: joto hilo hupita pia kuelekea kwenye pistoni na mafuta ya breki. Pedi inayovumilia joto haiyalindi mafuta ya breki.

Pedi za seramiki hutumia nyuzi za seramiki badala ya nyuzi za chuma. Ni kimya na vumbi lake ni hafifu. Usizichanganye na diski za kaboni-seramiki, kama zile ambazo Porsche ilianza kuzifunga kwenye 911 GT2 mwaka 2001. Pedi ya seramiki hufungwa kwenye diski ya kawaida ya chuma. Diski ya kaboni-seramiki huhitaji pedi yake maalumu. Kosa hili hurudi kila mwaka.

Pedi za metali ya kuoka ni unga wa metali ulioshindiliwa na kuokwa hadi ukashikamana, bila resini. Hutumika zaidi kwenye pikipiki na magari ya mashindano.

5. Pedi mbili zina herufi GG na FE pembeni. Eleza maana ya herufi hizo. (Alama 4)

Herufi hizo hufuata mfumo wa SAE J866 wa Marekani. Herufi ya kwanza huonyesha kizigeu cha msuguano katika joto la kawaida, na ya pili huonyesha kizigeu katika joto kubwa zaidi. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, G ni kati ya 0.45 na 0.55.

Pedi ya GG ina kizigeu kikubwa na hukishikilia. Pedi ya FE hupoteza sehemu ya kizigeu inapopata moto. Hata hivyo, kipimo cha joto katika mfumo huu huishia karibu na nyuzi 343 za selsiasi. Gari la spoti kwenye uwanja wa mbio huvuka hapo kwa urahisi. Kwa hiyo herufi pekee hazithibitishi kwamba pedi inafaa kwa mbio. Tazama mchoro wa mtengenezaji unaoonyesha kizigeu dhidi ya joto.

6. Wateja watatu wana Impreza WRX STI. A huendesha mjini pekee. B huendesha kwenda kazini kila siku, na mara chache hulipeleka gari uwanja wa mbio. C hulitumia kwa mbio tu, na hulibeba kwenye trela. Chagua pedi kwa kila mmoja na utoe sababu. (Alama 12)

Swali hili ndilo lenye uzito. Kila mteja ana alama 4: aina ya pedi 1, joto la kazi 1, faida 1, hasara 1.

Mteja A: pedi ya barabarani, seramiki au organiki bora, yenye sifa sawa na ile iliyotoka kiwandani. Katika foleni diski hukaa karibu na baridi, kwa hiyo kinachotakiwa ni mpaka wa chini wa joto la kazi: pedi ing'ate asubuhi, mguu unapogusa breki mara ya kwanza. Faida ni ukimya na maisha marefu ya diski. Hasara ni kufifia mapema gari likikimbizwa. Watahiniwa wengi humpa mteja A pedi ya mbio kwa sababu gari lina jina la spoti. Hilo ni kosa, na barabarani ni hatari: pedi ya mbio iliyo baridi huwa na kizigeu kidogo kuliko pedi ya kawaida, na mtembea kwa miguu aliye mbele hawezi kusubiri ipate moto.

Mteja B: pedi ya kati, inayong'ata ikiwa baridi na kuvumilia joto kuliko ya barabarani. Mfano ni Ferodo DS2500 au EBC Yellowstuff. Faida ni joto la kazi pana. Hasara ni kelele, vumbi na diski kulika haraka zaidi. Mteja B aelezwe wazi kwamba pedi ya kati haitafikia pedi halisi ya mbio. Akianza kwenda uwanjani mara kwa mara, anunue seti mbili na kuzibadilisha.

Mteja C: pedi ya mbio. Mpaka wa juu wa joto lake la kazi ni mkubwa, na mpaka wa chini nao umepanda. Faida ni kizigeu kutobadilika mzunguko hadi mzunguko. Hasara ni kutong'ata vizuri ikiwa baridi. Kwa kuwa gari husafirishwa kwa trela, hasara hiyo inakubalika. Sentensi hii ya mwisho ndiyo inayomwonyesha mtahini kwamba umesoma swali lote.

7. Je, pedi za spoti hufupisha umbali wa kusimama? (Alama 3)

Si lazima. Ikiwa pedi zilizopo zinaweza kufikisha magurudumu kwenye kufunga au kuamsha ABS, mpaka wa kusimama uko kwenye tairi, wala hauko kwenye pedi. Pedi ya spoti husaidia pale kusimama kunaporudiwa mara nyingi mfululizo.

8. Dereva analalamika kwamba gari halisimami baada ya mizunguko kadhaa. Onyesha jinsi ya kutofautisha kufifia kwa pedi na kuchemka kwa mafuta ya breki. (Alama 6)

Pedi zikififia, pedali hubaki ngumu lakini gari halipungui mwendo. Mafuta ya breki yakichemka, pedali hulegea na kuzama kuelekea sakafuni, kwa sababu mvuke hubanika na kimiminika hakibaniki.

Tiba ni tofauti. Kwa pedali ngumu, badili pedi. Kwa pedali iliyozama, badili mafuta ya breki na utoe hewa. Viwango vya chini vya kuchemka vya kukariri: DOT 3 ni nyuzi 205 yakiwa mapya na 140 yakishanyonya maji; DOT 4 ni 230 na 155; DOT 5.1 ni 260 na 180. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine. Mafuta mazuri yaliyozeeka huchemka mapema kuliko mafuta duni mapya: linganisha 155 na 205.

9. Kwa nini haishauriwi kufunga pedi kali nyuma na pedi za kawaida mbele? (Alama 3)

Gari likifunga breki, uzito huhamia mbele na tairi za nyuma hubaki nyepesi. Kizigeu kikubwa nyuma hufunga magurudumu ya nyuma kwanza, na mkia wa gari huteleza pembeni. Pedi hubadilishwa kwa ekseli nzima, kushoto na kulia pamoja. Kanuni ya Ulaya R90 hutaka pedi mbadala isitofautiane na ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15, na uwiano wa mbele na nyuma ni sababu mojawapo.

10. Eleza hatua za kuzoesha pedi mpya. (Alama 5)

Safisha diski na upime unene wake. Usifunge pedi mpya kwenye diski iliyo chini ya kipimo kilichochapwa MIN TH. Katika barabara tupu, punguza mwendo kutoka takriban kilomita 80 hadi 20 kwa saa, mara kama 10, bila kusimama kabisa. Kisha endesha bila kugusa breki hadi zipoe. Usisimame huku umekanyaga pedali breki zikiwa za moto: pedi huacha alama mahali pamoja, na usukani utatetemeka baadaye.

Lengo ni kuweka utando mwembamba na sawia wa kitu cha msuguano juu ya diski. Fuata maelekezo ya mtengenezaji pale yanapotofautiana na haya.

11. Mteja anaagiza "pedi za Impreza". Taja taarifa unazohitaji. (Alama 4)

Namba ya chasisi, mwaka, aina ya kalipa na umbo la pedi iliyotolewa. Kwa magari yaliyotoka Japani, GDA ni WRX na GDB ni WRX STI, na STI nyingi zina kalipa za Brembo zenye pistoni 4 mbele na 2 nyuma. Gari lililotumika huenda limebadilishwa kalipa. Namba huanzisha utafutaji. Gurudumu lililofunguliwa huthibitisha.

12. Taja tahadhari moja kuhusu vumbi la breki. (Alama 2)

Usilipulize kwa hewa ya kompresa. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani.

Zoezi. Mazda MX-5 yenye uzito wa kilo 1,050 huendeshwa kila siku barabarani na hupelekwa uwanja wa mbio mara mbili kwa mwaka. Pedali huzama baada ya mizunguko mitano. Mwenye gari ameomba pedi za mbio. Taja kosa katika ombi lake, chagua pedi na mafuta ya breki, na utoe sababu mbili. (Alama 8) Andika jibu bila kurudi juu, kisha ulisahihishe kwa swali la 6 na la 8.