Wakikukana uraia, unakwenda kwa nani?

Barabara ya Mwanza kwenda Musoma hadi mpaka wa Sirari inapita kwenye ukanda huu wa ziwa, kwa hiyo wasomaji wa Kalemela, Simiyu, wana sababu ya kuuliza. Mwanasheria anajibu.

Kwa nini sheria isikazwe, wahamiaji haramu waondolewe haraka?

Serikali ina haki ya kulinda mpaka, na Sheria ya Uhamiaji ya 1995 inampa Waziri mamlaka ya kuamuru mgeni aondolewe. Nguvu ipo. Mwaka 2013, kwenye Operesheni Kimbunga, maelfu waliondolewa Kagera, Kigoma na Geita, wakiwamo walioishi huko miaka mingi. Asiye na pa kushika ni yule anayesema, "Mimi ni Mtanzania." Haraka ikizidi, huyo ndiye anaumia wa kwanza.

Raia anaweza kweli kufukuzwa kwao?

Ibara ya 17 ya Katiba inakataza. Lakini isomeni kesi ya Anudo Ochieng Anudo, mzaliwa wa Butiama, jirani zenu wa Mara. Mwaka 2012 alikwenda polisi Babati kwa taratibu za ndoa yake, pasipoti ikazuiwa. Cheti cha kuzaliwa na kadi ya mpiga kura havikumwokoa. Mwaka 2014 akapelekwa Kenya, nayo Kenya ikamkataa. Akabaki Sirari, katikati ya mipaka miwili, hana nchi. Mtu aliyekwenda kuoa!

Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ilisema: serikali ikimkana mtu iliyekuwa ikimtambua kuwa raia, yenyewe ndiyo ithibitishe. Tena ikaagiza sheria zirekebishwe, kwa kuwa Sheria ya Uraia ya 1995 iliufanya uamuzi wa Waziri usikatiwe rufaa.

Bado tunaweza kwenda Arusha?

Si moja kwa moja. Tanzania ilijitoa kwenye tamko linaloruhusu mwananchi kushtaki huko, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa.

Sasa tufanye nini?

Sajilini watoto mapema. Kadi ya kliniki isitupwe, na vyeti vya wazazi vitunzwe pia. Ukiambiwa si raia, dai sababu kwa maandishi. Mbunge akiunga mkono muswada wa kukaza uondoaji, mwulizeni kwenye mkutano wa hadhara: kifungu cha rufaa ni namba ngapi?