Mada ya 7: Kupima Risasi Ndani ya Mfupa kwa Eksirei

Malengo: Ukimaliza mada hii uweze (a) kueleza kwa nini mfupa hutunza kumbukumbu ya risasi kuliko damu, (b) kueleza jinsi eksirei inavyoitambua risasi, na (c) kukokotoa maswali ya nishati, masafa na nusu uhai yanayohusu kipimo hiki.

Risasi tunayoizungumzia hapa ni metali yenye alama Pb na namba atomia 82.

1. Tatizo lenyewe

Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwaathiri wakazi kwa sumu ya risasi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Sasa jiulize. Mkazi wa mahali kama hapo akipimwa damu miaka sita baada ya moshi kukoma, na damu ikaonyesha risasi kidogo, je, ina maana hakuwahi kudhurika? Jibu ni hapana, na sababu yake ndiyo kiini cha mada hii.

2. Kwa nini mfupa?

Ioni ya risasi, Pb²⁺, ina chaji sawa na ya kalsiamu, Ca²⁺. Mwili huichukua risasi kana kwamba ni kalsiamu na kuijenga ndani ya mfupa. Kwa mtu mzima, zaidi ya asilimia 90 ya risasi iliyomo mwilini imo mifupani.

Risasi iliyo katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya takribani siku 30. Ile ya mfupani huchukua miaka mingi, hata miongo, kupungua kwa nusu. Kwa hiyo damu hueleza zaidi ya juzi na jana, lakini mfupa hueleza ya miaka mingi.

Risasi hiyo haikai mfupani milele. Mama anapokuwa mjamzito au anaponyonyesha, mifupa yake hutoa kalsiamu kwa ajili ya mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo. Mtoto anaweza kufikiwa na sumu ambayo mama yake aliivuta alipokuwa msichana.

3. Kanuni ya kipimo

Elektroni za atomu zimepangwa katika maganda: K, L, M na kuendelea, kuanzia karibu na kiini. Kipimo hufuata hatua tatu:

(i) Mwale wenye nishati ya kutosha huipiga atomu ya risasi na kuing'oa elektroni ya ganda la ndani.
(ii) Elektroni ya ganda la nje hushuka kuziba pengo.
(iii) Tofauti ya nishati kati ya maganda hayo mawili hutoka kama eksirei mpya.

Tukio hili huitwa floresensi ya eksirei. Kila elementi ina nafasi zake za nishati, hivyo eksirei inayotoka ni kama alama ya kidole. Risasi hutoa eksirei za K zenye nishati ya karibu keV 75, na eksirei za L zenye nishati ya karibu keV 10.5 na keV 12.6. Kitambuzi huhesabu eksirei hizo; kadiri zinavyokuwa nyingi, ndivyo risasi ilivyo nyingi.

4. Vifaa viwili

Kifaa cha maabara hutumia miale ya gama ya kadimiamu-109, yenye nishati ya keV 88.03. Kung'oa elektroni ya ganda K la risasi kunahitaji keV 88.0, kwa hiyo miale hiyo inatosha kwa tofauti ndogo sana. Mtu huketi kwa karibu nusu saa huku mfupa wa muundi ukipimwa.

Kifaa cha mkononi kina umbo linalofanana na bastola na hutumia tyubu ndogo ya eksirei, kwa kawaida ya kV 50. Kipimo huchukua dakika chache tu, na kifaa hubebwa hadi kijijini. Lakini elektroni iliyoharakishwa kwa kV 50 haiwezi kutoa eksirei yenye zaidi ya keV 50. Haifiki keV 88. Kwa hiyo kifaa hiki hung'oa elektroni za ganda L, ambazo zinahitaji keV 13 hadi 16 tu.

Hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Eksirei ya keV 10.5 hupungua kwa nusu kila inapopita karibu milimita 1.5 za ngozi na nyama. Eksirei ya keV 75 hupita sentimita kadhaa kabla ya kupungua kwa nusu. Ndiyo maana kifaa cha mkononi huwekwa kwenye muundi, mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi, na unene wa ngozi lazima uzingatiwe katika hesabu. Tena, hupima tabaka la juu tu la mfupa.

5. Mfano uliokokotolewa

Kokotoa masafa na urefu wa wimbi wa eksirei ya risasi yenye nishati ya keV 10.5. (h = 6.63 × 10⁻³⁴ Js; eV 1 = 1.6 × 10⁻¹⁹ J; c = 3.0 × 10⁸ m/s)

E = 10.5 × 10³ × 1.6 × 10⁻¹⁹ = 1.68 × 10⁻¹⁵ J
f = E/h = 1.68 × 10⁻¹⁵ ÷ 6.63 × 10⁻³⁴ = 2.53 × 10¹⁸ Hz
λ = c/f = 3.0 × 10⁸ ÷ 2.53 × 10¹⁸ = 1.19 × 10⁻¹⁰ m

6. Makosa yanayowapotezea watahiniwa alama

• Kusema eksirei ya floresensi hutoka kwenye kiini. Hutoka elektroni zinapohama ganda.
• Kuchanganya nusu uhai wa aina mbili. Kadimiamu-109 hupungua kwa sababu viini vyake huoza. Risasi ya damu hupungua kwa sababu mwili huitoa au kuihamishia mfupani.
• Kusahau kubadili keV kuwa jouli kabla ya kutumia E = hf.

7. Maswali ya kujipima

1. Tyubu ya kV 50 haiwezi kutoa eksirei za K za risasi. Eleza. (alama 2)
2. Kokotoa masafa ya eksirei ya keV 12.6. (alama 3)
3. Damu ya mfanyakazi ina mikrogramu 40 za risasi kwa desilita siku anapoacha kazi. Chukulia nusu uhai ni siku 30 na hakuna risasi inayotoka mfupani. Itabaki kiasi gani baada ya siku 90? (alama 3)
4. Asha na Juma wana risasi sawa mfupani. Ngozi ya Asha kwenye muundi ina unene wa mm 1.5, ya Juma mm 4.5. Ukizingatia eksirei za keV 10.5 zinazotoka tu, linganisha idadi zinazofika nje. (alama 3)
5. Katika swali la 3, damu halisi ya mfanyakazi huenda isishuke hadi kiasi ulichokokotoa. Toa sababu. (alama 2)

Majibu

1. Nishati ya juu kabisa ni keV 50. Ganda K linahitaji keV 88.0.
2. E = 2.016 × 10⁻¹⁵ J; f = 3.04 × 10¹⁸ Hz.
3. 40 → 20 → 10 → 5. Mikrogramu 5 kwa desilita.
4. Asha 1/2; Juma 1/2 × 1/2 × 1/2 = 1/8. Za Asha ni mara 4 ya za Juma. Bila kurekebisha unene wa ngozi, Juma angeonekana salama kuliko alivyo.
5. Risasi iliyohifadhiwa mfupani hurudi polepole kwenye damu.

Ukikosa swali la 4, rudi sehemu ya 4 kabla ya kuendelea na mada inayofuata.