Chanjo Iliyooteshwa katika Seli za Mbwa: Hukumu Yake ni Ipi?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo, ndugu zetu wa Migori na Homa Bay wametuletea swali hili: twasikia chanjo ya homa ya mafua hufanywa kwa figo la mbwa, na baadhi ya wazazi wamekataa chanjo zote za watoto kwa ajili hiyo, je, yafaa Muislamu kuchanjwa?

Twajibu, na taufiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu. Wanavyuoni wametufundisha kuwa hukumu ya kitu ni tawi la kukijua. Basi na tukijue kwanza.

JAMBO LENYEWE

Kirusi cha mafua hakizaliani peke yake. Hapana budi kiingie ndani ya seli iliyo hai. Tangu miaka ya 1940 kimeoteshwa ndani ya mayai ya kuku yenye vifaranga vichanga, na hata leo chanjo nyingi za mafua hufanywa hivyo. Lakini mayai yana taabu zake: hutakiwa kwa mamilioni, kuku wakifa kwa maradhi kazi husimama, na mara nyingine kirusi hubadilika kwa kulizoea yai, kisifanane tena na kile kinachowaambukiza watu.

Ndipo ikafuatwa njia ya seli. Mwaka 1958, wataalamu wawili wa Marekani, Madin na Darby, walichukua seli za figo la mbwa mmoja. Seli hizo zingali zikigawanyika na kuhifadhiwa katika baridi kali mpaka leo, wala hachinjwi mbwa mwingine. Hutiwa katika matangi pamoja na maji ya chakula chake, kikatiwa kirusi, kikazaliana. Kisha kirusi huvunwa, huuawa kwa dawa, huvunjwa na kusafishwa, zikabaki zile sehemu zake zinazoufundisha mwili kujikinga. Seli nzima haimo. Husalia mabaki madogo mno, nayo hupimwa yasizidi kiasi. Chanjo ya namna hii iliruhusiwa Marekani mwaka 2012.

Tena chanjo hazifanani. Ile ya malaria iliyozinduliwa Ndhiwa, Homa Bay, tarehe 13 Septemba 2019, ikatolewa na Migori pia, kiini chake kilitengenezwa ndani ya hamira, ya jinsi moja na hii tuumuliayo mikate. Mwenye kumnyima mwanawe chanjo ile kwa khabari za mbwa amekataa kitu kwa sababu isiyokuwamo.

HUKUMU YAKE

Mbwa katika madhehebu yetu ya Shafi ni najisi nzito, nasi hatufichi neno hili. Lakini wanavyuoni hao hao wamelieleza tatizo kama hili zamani.

Kwanza, Imamu Nawawi ametaja katika Minhaj kuwa mtu aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi, kwa kukosa kilicho tohara, ana udhuru. Huo ni mfupa mzima unaokaa mwilini maisha. Sembuse mabaki yasiyoonekana kwa jicho!

Pili, katika Sahihi ya Bukhari imo khabari ya watu wa Urayna waliougua Madina, Mtume (s.a.w.) akawaamuru wanywe maziwa ya ngamia na mikojo yao. Mashafi wanaosema mkojo huo ni najisi wameifanya hadithi hii hoja ya kujitibu kwa najisi isiyolevya, kwa sharti mbili: kisipatikane kilicho tohara kinachotosha badala yake, na tabibu mwaminifu ashuhudie manufaa yake.

Tatu, Baraza la Ulaya la Fatwa, mwaka 2003, lilijuzisha chanjo ya polio ya matone ambayo katika kutengenezwa kwake hutumika kitu kilichotoka kwa nguruwe.

Basi twasema: ikipatikana chanjo ya mafua iliyooteshwa katika mayai, nayo yatosha, hiyo ndiyo ya kutanguliza. Isipopatikana, au tabibu mwaminifu akiona haimfai mgonjwa, ile ya seli yajuzu, wala aliyechanjwa hana dhambi.

NASAHA

Mafua si chafya tu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu kati ya 290,000 na 650,000 hufa kila mwaka kwa maradhi ya pumzi yaletwayo nayo, khasa wazee na watoto wachanga. Wala asiseme mtu kuwa kujikinga ni kuikimbia kadari. Sayyidna Umar alipopata khabari ya tauni ya Sham alirudi na watu wake, na alipoulizwa alijibu kuwa anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu.

Uchaji ni jambo jema, lakini uchaji usio na elimu huweza kumzika mtoto. Mwenye shaka na awaulize wenye kujua kabla ya kumrudisha mwanawe nyumbani bila chanjo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.