Tumbo Lisilopona: Vipimo vya Choo na Damu Vinasema Nini?

Somo letu la afya mara hii ni juu ya mtu anayeharisha wiki baada ya wiki, tena choo chenye damu na kamasi. Mara nyingi utakuta ameshameza dawa za amiba mara tatu nne kutoka kwa kemisti, na za taifodi pia, na choo chake hakijapimwa hata siku moja. Anakonda tu. Mwishowe kikundi kinaombwa kichange. Basi ni vizuri tujue pesa hizo zitanunua kipimo gani.

Kuna kuharisha ambako hakuletwi na mdudu. Kinga ya mwili yenyewe hugeuka na kushambulia utumbo mpaka unavimba na kutoka vidonda. Ugonjwa huu una aina mbili kubwa. Moja hushika utumbo mpana. Nyingine huitwa ugonjwa wa Crohn, kwa jina la daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake wawili mwaka 1932, nayo inaweza kushika popote toka mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Wengine husema ati ni ugonjwa wa Wazungu. Sivyo, hata Kenya wagonjwa wapo.

Utumbo ukivimba hivyo, mwili huonyesha dalili ambazo maabara inaweza kuzipima. Kwenye damu kuna protini ya CRP, ambayo hutengenezwa na ini na kupanda upesi. Kuna pia ESR: damu huwekwa kwenye mrija mwembamba uliosimama, halafu baada ya saa moja wanasoma chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. ESR ni kipimo rahisi, lakini hupanda hata kwa mama mjamzito na kwa aliyepungukiwa na damu. CRP nayo inaweza kuwa ya kawaida na huku utumbo mpana una vidonda.

Kipimo kinachosema zaidi ni cha choo, nacho huitwa kaliprotektini. Chembe nyeupe za damu zikikimbilia utumbo uliovimba, huacha protini hii chooni. Ikiwa chini ya mikrogramu 50 kwa gramu moja ya choo, kwa kawaida utumbo haujavimba, na mtu wa tumbo la kusokota tu anaweza kuepushwa gharama ya kuingizwa kamera. Ikipita 250, uvimbe upo. Ikiwa katikati, daktari huweza kurudia kipimo. Mwambieni pia kama mgonjwa anameza diklofenaki au ibuprofeni, maana dawa hizo nazo huipandisha. Kipimo hiki hakipatikani zahanati; huulizwa kwenye maabara za miji mikubwa.

Sasa tusikilizane hapa. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu hayakuambii kama ni mvua ya mawe au ya rasharasha. Kaliprotektini ikiwa juu inasema utumbo umevimba, haisemi umevimbishwa na nini. Amiba huipandisha. Bakteria wa kuhara damu huipandisha, na TB ya utumbo vilevile. Na ugonjwa tunaouzungumzia mara nyingi hutibiwa kwa predinisoloni, dawa inayopunguza nguvu za kinga. Akipewa mtu mwenye amiba au TB isiyojulikana, ugonjwa huenea na unaweza kumuua.

Kwa hiyo pesa za kwanza ziende kwenye darubini, ambayo hata vituo vingi vya afya vinayo. Choo kiwe kibichi, kifike maabara kabla ya nusu saa, kwani amiba akipoa hatembei tena na ni vigumu kumtambua. Wanaokaa karibu na Ziwa Victoria au mashamba ya mpunga ya Mwea waombe kupimwa kichocho pia. Haya yakikosekana na damu bado inatoka, ndipo kaliprotektini na kamera, ambako daktari hukata kipande kidogo cha utumbo kikapimwe.

Aliyekwisha kujulikana ana ugonjwa huu asiache vipimo kwa sababu anajisikia nafuu. Kaliprotektini inaweza kupanda wiki kadhaa kabla damu haijarudi, na dawa zikabadilishwa mapema.

Ya kuzungumzia kikundini: Darubini iliyo karibu nasi iko wapi, na hufanya kazi siku gani? Kupima choo ni shilingi ngapi? Mgonjwa akiona haya kubeba choo chake, nani atamsindikiza?