SOMO LA UFUNDI: Sharjeri mpya kwa ordinateri ya zamani



Wengi mumeniuliza ile ordinateri ya finaliste sasa inakula umeme wapi, maana sharjeri yake ilikufa na ingine ya namna ile haipatikani. Leo tujifunze kuitengenezea ingine. Ndani ya masini ile muko items za Examen d'État tunazochapa tangu mwaka jana. Mtu akiingiza umeme mubaya, kazi yote inaweza kuenda kwa sekunde moja. Kwa hiyo musome polepole.

Tupindue masini, tusome karatasi ya chini. Ni ThinkPad T42 ya IBM, ya mwaka 2004. Imeandikwa volti 16, ampere 4,5. Mwaka 2005 IBM iliuza kazi yake ya ordinateri kwa Lenovo, na T60 ya mwaka 2006 ikahamia volti 20, na tundu lake likabadilika. Njo maana ukienda Kadutu ao Nyawera wanakupa za 19 ao 20, na muuzaji anaapa kwamba "itakubali tu". Usimusikilize.

Volti na ampere ni nini? Angalieni Ruzizi yetu. Inatoka Ziwa Kivu, karibu mita 1.460 juu ya bahari, inashuka mpaka Tanganyika, karibu mita 770. Ule mushuko njo volti. Wingi wa maji yanayopita njo ampere. Volti ya sharjeri sharti ifanane na ya masini. Ampere inaweza kuzidi, lakini isipungue: sharjeri ya ampere 6 haisukumi ampere 6 kwa nguvu, masini inachota tu inachohitaji.

Wengine watasema: tufungue sharjeri ya volti 19 tuipunguze. Mimi nakataa. Ndani yake umeme wa prizi, volti 220, unageuzwa kuwa volti karibu 310 na kulala ndani ya kondansateri. Hata ukichomoa, unaweza kubaki humo kwa muda. Hiyo si kazi ya mwanafunzi.

Sisi tuko na batri ya pano za jua, volti 12. Tunahitaji kifaa kidogo cha kupandisha volti, kile chenye koili, mabati ya kupoza joto na visi ndogo ya kurekebisha. Ukinunua, chukua kinachobeba zaidi ya ile unayohitaji, maana namba zilizoandikwa juu ya vifaa vya bei ndogo ni za kujisifu.

Sasa hesabu. Volti 16 mara ampere 4,5 ni wati 72. Kifaa kinapoteza kama sehemu moja juu ya kumi kwa joto, basi batri inatoa wati 80. Gawanya kwa 12: karibu ampere 6,7. Kwa hiyo weka fuzibli ya ampere 10 kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na batri, si mbali. Waya ukigusana bila fuzibli, batri inatoa ampere nyingi sana na waya unawaka. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, munajua vile moto unakimbia. Waya uwe mufupi, wa 1,5 ao zaidi.

Kwa ncha, kata ile ya sharjeri iliyokufa, usinunue ingine. Ni ya milimetri 5,5 nje na 2,5 ndani. Ile ya 2,1 inafanana nayo kwa macho lakini haiingii. Chanya iko katikati, hasi iko nje. Pima na multimetri, usiamini rangi ya waya.

Kisha unganisha kifaa na batri PASIPO masini. Zungusha visi mpaka multimetri isome 16,0. Halafu ipe mzigo: balbu mbili za gari, za wati 21, zilizofuatana kwa musitari mumoja, kila moja itapata volti 8. Zinachota karibu ampere moja na nusu. Ongeza jozi ya pili. Acha nusu saa. Volti ikianguka, ao kifaa kikichoma kidole, hakifai. Sisi tulifanya hivyo siku mbili, na wadogo wa chini walituchekelea kwamba tunawasha balbu mchana.

Neno moja ambalo wengi hawalijui. Kifaa hiki kinapandisha tu, hakishushi. Umeme ukiingia na volti nyingi kuliko 16, unapita moja kwa moja mpaka kwa masini. Pano ya jua isiyo na mzigo inaweza kutoa volti 20. Basi pano kwa regilateri, regilateri kwa batri, batri kwa kifaa. Hapana kuruka hata hatua moja. Batri yenyewe ikijaa inafika kama 14,4, bado iko chini ya 16, ni salama.

ZOEZI. Toshiba moja ya zamani imeandikwa volti 15, ampere 5. Tafuta: (a) wati zake, (b) ampere zitakazotoka katika batri ya volti 12, (c) nafasi gani inabaki kati ya batri iliyojaa na volti 15, na je, wewe ungeikubali? Majibu yaletwe kwangu kabla ya Ijumaa, pamoja na hesabu.

Kapita wa wanafunzi, darasa la finaliste