Wiki ya Mbunge Bungeni: Hoja ya Mwananchi Hufikaje Dodoma?

Wakati wa Mkutano wa Bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, Mbunge wa Ukerewe huwa Dodoma kwa vikao vya Jumatatu hadi Ijumaa. Kikao huanza saa 3:00 asubuhi kwa dua, kisha maswali. Swali la msingi huwasilishwa mapema kwa maandishi. Waziri akishajibu, muulizaji anaweza kuongeza maswali mawili. Alhamisi Waziri Mkuu huulizwa maswali ya papo kwa papo kuhusu sera. Baada ya maswali, wabunge hujadili makadirio ya wizara.

Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Kivuko, mwalo au kisima kisichotengewa fedha huweza kusubiri mwaka mwingine. Kwa hiyo mwananchi asingoje Aprili. Hoja itolewe katika mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila miezi mitatu, ipite Kamati ya Maendeleo ya Kata na kufika Baraza la Madiwani, ambako Mbunge naye ni mjumbe. Hoja iliyoandikwa kwenye muhtasari yaweza kufika Dodoma. Iliyosemwa kijiweni huishia kijiweni.