Mtoto hukariri au hushika kanuni?

SWALI: Binti yangu ana miaka minne, hajaanza shule. Nashangaa anasema "kiti kimevunjika" na "viti vimevunjika" bila kukosea. Wataalamu wanajuaje kwamba mtoto ameshika kanuni, na si kwamba anarudia tu anayoyasikia? – Mzazi, Morogoro

JIBU: Wanampa neno ambalo hajawahi kulisikia. Mwaka 1958, mtafiti Mmarekani Jean Berko alichapisha jaribio ambalo bado linafundishwa vyuoni. Aliwaonyesha watoto wa miaka minne hadi saba mchoro wa kiumbe cha kubuni na kuwaambia kinaitwa "wug". Kisha akawaonyesha viumbe wawili na kuwaachia wamalizie sentensi. Wengi walisema "wugs". Hakuna aliyekuwa amewatamkia neno hilo. Walilitunga kwa kanuni ya wingi ya Kiingereza.

Hata hivyo, kwa neno la kubuni "tass" wengi walishindwa kusema "tasses", ingawa wingi wa "glass" waliutaja vizuri. Kumbe mtoto anaweza kujua neno moja moja kabla kanuni yenyewe haijakomaa.

Jaribu nyumbani: chora kitu cha ajabu, kiite "kizulo", kisha chora viwili na umuulize ni nini hivyo. Akijibu "vizulo", ujue ameshaishika ngeli ya KI-VI. Akikosea, usimgombeze. Wewe taja umbo sahihi katika maongezi ya kawaida. Atalisikia tena na tena, na kanuni itakaa.